Kitufe cha P kibonyezwe lini?

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa madereva na wenye malori wa Arusha na Moshi, na karibu zote zinagusa jambo moja: malori ya gia otomatiki na ile hali ya nguvu inayoandikwa P, au Power, kwenye dashibodi. Tumeyajibu maswali kwa urefu unaostahili kila moja.

Ndugu wahariri, hamjambo. Naendesha semi ya ekseli 6, injini ya hp 420, gia 12 za otomatiki. Napakia saruji kwenda Karatu, na mzigo ukiwa kamili gari linagonga tani 50 kwenye mizani. Mwenzangu ananiambia niweke P tangu Kisongo mpaka ninaposhusha. Mwingine anasema P inaua injini, nisiiguse. Nikipanda ule mlima wa Mto wa Mbu bila P, gari linabadilisha gia katikati ya mlima, linapoteza mwendo, linarudi gia ya chini, kisha linajaribu tena. Nifuate lipi?
*Dereva wa semi, Unga Limited, Arusha*

Ndugu dereva, usimfuate hata mmoja. P haiongezi nguvu ya injini, na wala haiui injini. Inachobadilisha ni wakati wa kubadili gia tu, na ukilielewa hilo utajua mwenyewe pa kuibonyeza.

Injini ya lita 13 yenye hp (nguvu za farasi) 420 kwa kawaida hutoa newton-mita 2,100 za nguvu ya kuzungusha kati ya mizunguko 1,000 na 1,400 kwa dakika. Kwenye mizunguko 1,100 hiyo ni sawa na hp 329 hivi. Kwenye 1,400 ni karibu 419, yaani nguvu yote ya gari. Kutoka hapo hadi kwenye 1,800 nguvu inabaki palepale. Kwa hiyo injini ikiwa juu ya 1,400 una farasi wote 420, na ikishuka kwenye 1,100 tayari umewaacha njiani farasi 90, hata kama mguu umekanyaga mafuta hadi sakafuni.

Sasa tazama gia. Kwenye gia boksi la namna hiyo, kila ukipanda gia moja mizunguko inashuka kwa asilimia 22 hivi. Katika hali ya E, ile ya kuokoa mafuta, kompyuta inapenda kupandisha gia mapema. Tuseme inabadilisha kwenye 1,400: utatua kwenye 1,095. Lakini uko mlimani, na wakati gia inabadilishwa magurudumu hayapati nguvu yoyote. Mlima unaopanda mita 6 kwa kila mita 100 unalivuta gari nyuma kiasi kwamba sekunde moja ya kubadili gia inakula kilomita 2.3 kwa saa. Ukiwa kwenye mwendo wa 20, hiyo ni zaidi ya sehemu moja ya kumi. Hivyo hutui kwenye 1,095, unatua chini ya 1,000. Injini inahema, kompyuta inaona imekosea, inarudisha gia ya chini, na unapoteza sekunde nyingine. Ndiyo hiyo panda-shuka unayoieleza.

Katika hali ya P kompyuta inasubiri hadi karibu 1,800 ndipo ipandishe. Ukitoa asilimia 22 unatua kwenye 1,407. Ukitoa na mwendo uliopotea, bado uko juu ya 1,200. Hapo injini inashika na gari linaendelea. P inakununulia nafasi ya kutua, basi.

Usitarajie miujiza ya mwendo. Tani 50 kwenye mlima huo wa asilimia 6, kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, zinahitaji kama hp 370 kwenye matairi. Ongeza kinachopotea kwenye gia boksi na difu, unafika karibu 410. Kwa hiyo 30 ndiyo mwisho wa gari lako hapo, kwa P au bila P. Ukiona unapanda kwa 28 na mizunguko imetulia kati ya 1,400 na 1,700, gari liko sawa. Liache.

Ukitoka Mto wa Mbu, fanya hivi. Bonyeza P ukiwa bado kwenye tambarare, mita 300 hivi kabla ya mguu wa mlima, na uthibitishe herufi imebadilika kwenye dashibodi. Ukingoja mpaka mizunguko ianguke ndipo ubonyeze, umeshachelewa, maana kompyuta italazimika kushusha gia mbili kwa mpigo huku gari likisimama. Kanyaga mafuta kwa mguu mmoja uliotulia. Hili madereva wengi hawalijui: kompyuta inasoma mguu wako. Ukiachia kidogo ili "kuipumzisha" injini, yenyewe inaelewa mlima umekwisha, inapandisha gia.

Kabla ya kila kona kali hamia kwenye M, yaani gia unazochagua mwenyewe kwa mkono. Shusha gia moja au mbili ungali kwenye mnyoofu, kisha ushike gia hiyo mpaka tela limalize kona. Kompyuta ya kawaida haioni kona. Inaona mteremko na uzito tu, nayo inaweza kukata nguvu palepale tela linapojikunja. Hapa P haisaidii kama M inavyosaidia, na kwa mlima wenye kona zinazofuatana tungependa upande wote kwa M kuliko kutegemea P.

Ukifika juu, rudisha E. Baadhi ya magari hurudi yenyewe baada ya muda, mengine hayarudi mpaka uzime injini, basi jua la kwako ni lipi. Ukisimama kupumzika mara baada ya kupanda, acha injini iungurume dakika 2 au 3 kabla ya kuzima, maana tabo, ile inayosukuma hewa ndani ya injini, inatoka motoni na inahitaji oili iendelee kupita.

Kuhusu kuua injini: mizunguko 1,800 ni ya kawaida kwa injini hiyo. Kinachoiumiza ni kuikamulia mafuta yote ikiwa chini ya 1,000 na mzigo mgongoni. Gari linatetemeka, moshi unatoka, na mapigo yale mazito yanaishia kwenye klachi, propela shafti na difu. Kingine ni kuizidisha mizunguko kwenye mteremko. Hilo tunalijibu hapo chini.

Na huyo anayesema uweke P tangu Kisongo? Kutoka Kisongo hadi Makuyuni barabara kwa jumla inashuka. Unachoma dizeli kwa kelele.

Wapendwa wahariri, mimi nina malori mawili ya aina moja, mwaka mmoja, yanabeba mahindi kati ya Moshi na Dar es Salaam. Moja linakula dizeli kuliko jingine, na nimeambiwa dereva wake analiacha kwenye P safari nzima. Je, P kweli inaweza kuleta tofauti? Na inawezekana kuizuia?
*Mama mwenye magari, Majengo, Moshi*

Mama yetu, shikamoo. Inaweza. Injini ikizunguka 1,700 mahali ambapo 1,200 ingetosha, sehemu ya dizeli inakwenda kusugua pistoni, kuzungusha pampu na kusukuma hewa tu, haifiki kwenye matairi. Kipande cha Same hadi Korogwe hakina haja ya P kwa lori lenye afya. Zaidi ya hapo, kwenye baadhi ya magari P inazima ile namna ya gari kujiachia lenyewe kwenye mteremko mdogo ili kuokoa mafuta.

Lakini kabla hujamlaumu kijana, pima. Jaza tangi mpaka pampu ijikate mara ya kwanza, usiongeze. Ujazaji wa mwisho ufanyike pampu ileile, gari limesimama upande uleule, maana sakafu ya kituo ikiinama kidogo tangi kubwa linadanganya kwa lita nyingi. Kama gari lina matangi mawili, jaza yote. Andika kilomita. Mfano wa hesabu: lita 420 kwa kilomita 1,120 ni lita 37.5 kwa kilomita 100. Fanya hivyo safari mbili kwa kila gari, mzigo ukilingana, kisha wabadilishane madereva na urudie safari mbili. Ulaji ukimfuata dereva, ni uendeshaji. Ukibaki na gari, tafuta tatizo kwenye gari: matairi yenye upepo mdogo, breki zinazoshika, ekseli isiyonyooka, filta ya hewa iliyojaa vumbi.

Kuizuia inawezekana kwa aina nyingi za Ulaya, kama Volvo na Scania. Fundi mwenye kompyuta ya gari husika anaweza kuondoa hali fulani au kuiwekea mipaka. Ushauri wetu ni usiiondoe kabisa. Omba iwe ya muda, ijirudishe kwenye E yenyewe. Gari lililojaa linapoingia barabara kuu kutoka njia panda, au linapotaka kumalizia kulipita trekta, dereva anahitaji ile P kwa nusu dakika. Ukimnyima, atajaribu kulipita hivyohivyo.

Shikamooni mafundi. Nina leseni mpya, naendesha tipa la 6x4 la otomatiki, tunapeleka mchanga na kokoto kwenye ujenzi huko juu Machame na Kibosho. Masika hii njia za ndani zimekuwa tope tupu. Nikikwama naweka P nikidhani nitapata nguvu, lakini matairi yanazunguka tu, na mara mbili nimesikia harufu kama ya kitu kilichoungua. Bosi anasema ni klachi.
*Kijana wa tipa, Boma Ng'ombe*

Marahaba. Bosi wako amesema kweli, na tunafurahi umeuliza mapema, kwa sababu klachi ya lori ni kazi ya kushusha gia boksi zima.

Kwanza ujue gari lako si otomatiki kama ya gari dogo. Ndani kuna gia boksi la kawaida na klachi kavu ya kawaida, sahani ambayo kwenye malori makubwa mengi ina kipenyo cha milimita 430. Tofauti ni kwamba hakuna pedali. Kompyuta inaishika na kuiachia kwa nguvu ya hewa. Inaungua kama klachi yoyote ile.

Kwenye tope P ni adui. Inachelewesha gia, mizunguko inapanda, tairi linapata nguvu kuliko udongo unavyoweza kushika, linachimba. Kisha kompyuta inabadilisha gia, gari linakosa nguvu sekunde moja, na kwenye tope sekunde moja inatosha kusimama kabisa.

Kabla ya kuingia kwenye tope simama pagumu. Weka M na uchague gia utakayomaliza nayo yote, mara nyingi ya 2 au ya 3 kwa tipa lililojaa. Funga difu loki (inayolazimisha magurudumu yazunguke pamoja) ya kati ya ekseli mbili za nyuma kwanza. Ile ya kati ya tairi na tairi iongeze tu ikihitajika, na uwe umenyooka. Zifunge gari likiwa limesimama au linatambaa na tairi hazitelezi. Ukizifunga tairi moja likizunguka kwa kasi, meno yanagongana na shafti inakatika. Kama kuna swichi ya kuzima udhibiti wa utelezi, izime kwenye tope, maana udhibiti huo ukiona tairi linateleza unakata nguvu ya injini wakati unaihitaji. Pita kwa mizunguko 1,200 hadi 1,400, mguu umetulia. Ukishafika pagumu, fungua difu loki zote kabla ya kukata kona.

Magari mengine yana hali ya njia mbaya, tofauti na P. Kama lako linayo, hiyo ndiyo yako.

Harufu ile inakuja kwa njia tatu. Ya kwanza ni kulishikilia gari mlimani kwa mafuta badala ya breki: gari halirudi nyuma, haliendi mbele, na klachi inasuguana muda wote huo. Shika kwa breki ya mkono au ile ya kusaidia kuondoka mlimani, kanyaga mafuta, gari lijivute, achia. Ya pili ni kuondokea gia ya juu. Kompyuta ikikuchagulia ya 4 nawe umejaa na uko kwenye mwinuko, ikatae, shusha mpaka ya 1 au ya 2. Ya tatu ni kwenda mbele na nyuma kwa kujibembeza ili kujikwamua, mara kumi, ishirini. Chimba kwa sepeto, weka mawe. Dakika kumi za sepeto ni nafuu kuliko sahani mpya.

Ukisikia harufu au taa ya joto la klachi ikiwaka, weka nyutro, funga breki ya mkono, acha injini izunguke kama 1,000 kwa dakika 10 ili hewa ipite kwenye klachi. Usijaribu tena "mara ya mwisho". Ikishapoa, shusha sehemu ya mzigo ndipo uondoke.

Nikishuka kutoka Karatu kuja Mto wa Mbu, je, P inasaidia breki ya injini? Nimeona mizunguko inakaa juu zaidi.
*Dereva, Karatu*

Inasaidia kidogo kwa baadhi ya magari, lakini usiweke roho za watu juu yake. P ni ya kupandia.

Gari la tani 50 likishuka mteremko wa asilimia 6 kwa mwendo wa 30 linazalisha kama kilowati 218 za kuzuia. Likishuka kwa 60 ni kilowati 436. Mwendo mara mbili, kazi mara mbili. Breki ya injini nayo inategemea mizunguko: kwenye 1,200 nguvu yake ni chini ya nusu ya ile iliyonayo karibu na 2,200. Kwa hiyo usalama wako unatokana na kuchagua gia ya chini kabla ya kuanza kushuka.

Juu kabisa, kabla barabara haijainama, punguza mwendo mpaka 25 au 30. Tazama geji za hewa zote mbili zimejaa. Weka M, chagua gia itakayoshikilia mizunguko kati ya 1,800 na 2,200 huku breki ya injini au ritada (breki ya ziada isiyotumia ngoma) ikiwa imewashwa. Ule usemi wa "shuka na gia uliyopandia" ulifaa magari ya zamani yenye injini dhaifu. Injini za leo zinapanda na gia ya juu, basi shuka na gia moja au mbili chini yake. Kwenye baadhi ya magari mkono wa breki ya injini una nafasi ya B inayoshusha gia yenyewe. Itumie, lakini mwendo uwe umeshapungua.

Mwendo ukizidi, kanyaga breki ya mguu kwa nguvu mpaka mwendo upungue kwa kilomita 8 kwa saa hivi, kisha achia kabisa ngoma zipoe. Usiweke mguu juu ya pedali kilomita nzima. Ngoma zikipata moto zinatanuka kuikimbia laini, na pedali inabaki haina kazi. Mzunguko ukikaribia mstari mwekundu, breki ya mguu kwanza, gia baadaye, kwa kuwa kompyuta itakukatalia kushusha gia ambayo ingezidisha injini. Na usiende fri. Kamwe. Gari la otomatiki likishashika kasi kwenye nyutro mteremkoni linaweza kukataa kuingia gia yoyote, na hapo hakuna breki ya injini tena.

Lori langu la Kichina lina swichi yenye picha ya gari tupu na gari lenye mzigo. Hiyo ndiyo P?
*Dereva, Holili*

Hapana. Hiyo inabana au kufungua nguvu ya injini yenyewe, wala haina uhusiano na gia. Hata malori ya gia za mkono yanayo. Ukiwa mtupu weka ya mtupu, ukiwa umejaa weka ya mzigo kabla ya kuondoka. Madereva wengi wa Himo hadi Tarakea wanalalamika gari zito kumbe swichi iko kwenye picha ya gari tupu.

Basi letu lina gia ya Allison. P ni ileile?
*Fundi, Njiro, Arusha*

Wazo ni lilelile, mitambo ni tofauti. Hiyo ni otomatiki kamili, haina klachi kavu; nguvu inapita kwenye oili. Hatari yake ni joto la oili. Kwenye mwinuko wa polepole wenye foleni shusha gia kwa mkono ili kibadilishi, kile kinachopitisha nguvu kwa oili, kifunge, oili isiendelee kuchapwa. Geji ya oili ya gia ikipanda, simama pembeni, weka N, injini 1,200 mpaka ishuke.

Nimefuata yote. Nimeweka P, nimeshusha gia, bado gari halipandi kama zamani kutoka Himo kwenda Marangu. Je, ni hewa nyembamba ya mlimani?
*Dereva wa lori, Himo*

Kwa kimo hicho, hapana. Hata Arusha mjini, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ina kama asilimia 85 ya mgandamizo wa pwani, na tabo inafidia karibu pengo lote. Gari lililopanda vizuri mwaka jana na leo halipandi lina kasoro.

Anza na vya bei ndogo. Filta ya hewa: vumbi la Mirerani na la mashamba linaijaza upesi kuliko kitabu kinavyosema, na kuipuliza kwa kompresa kunatoboa karatasi, basi badilisha. Filta za dizeli zote mbili, na umwage maji kwenye kile kikombe cha chini. Kisha bomba za mpira zinazotoka tabo kwenda intakula (kipoza hewa) na kurudi. Zikipasuka kidogo husikii mlio gari likiwa limesimama. Moshi mweusi na mlio wa filimbi vinatokea ukikanyaga mlimani tu. Fundi azibe mfumo, aweke hewa ya bari 1 hadi 1.5, apake maji ya sabuni kwenye maungio yote na kona za intakula. Povu linapotoka ndipo penye tundu.

Hewa ya gari nayo ina maana, kwa sababu gia zinabadilishwa kwa hewa. Gia zikianza kuchelewa au kulia, fungua koki za matangi asubuhi. Ukiona maji au mafuta yanatoka, kirausha hewa kimekwisha, na unyevu huo unakwenda moja kwa moja kwenye valvu za gia boksi.

Mwisho, endesha kilomita 10 kwenye tambarare bila kutumia breki, simama kwa kujiachia, upitishe mkono karibu na kila ringi bila kuigusa. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, breki yake inashika, na umekuwa ukiivuta hadi Marangu.